Chumba cha Mama Mkwe

Ukimwambia Mwalimu kwamba kazi iko karibu kwisha, anakuuliza ni karibu ipi, ya Sirari au ya Mugumu. Sirari, ukitoka hapa Tarime mjini, unafika kabla kiti hakijapata joto. Mugumu ni safari ya kuaga watu. Alitufundisha jiografia na Kiingereza shule ya msingi, mimi na nusu ya watu wazima unaowaona Bomani wamekaa nyuma ya meza, na mpaka leo mteja akinipigia simu kwenye steshenari yangu kuniambia yuko karibu kufika, namuuliza swali hilohilo. Wengi hawanielewi. Shauri yao.

Jina lake silitaji kwa sababu sijawahi kulitumia. Hata mke wake anamwita Mwalimu. Nyumba yake na yangu, huku Turwa, zimetenganishwa na uzio wa minyaa tu, kwa hiyo nilimjua darasani kwanza, halafu nikamjua akiwa amevaa kandambili, na nakuambia hao ni watu wawili. Wa darasani alikuwa anachapa mchelewaji. Wa kandambili anachelewa kanisani kila Jumapili, na akifika padri yuko katikati ya mahubiri anatembea mpaka benchi la mbele, taratibu, kama vile sisi ndio tuliowahi mno.

Ni mrefu, mwembamba, suruali yake imenyooshwa kwa pasi hata akienda kukamua ng'ombe. Aliwahi kumfukuza fisi kwa fimbo na matusi ya Kikurya huko Kisaka alikoolea, mashahidi wapo. Lakini kuku jike akiwa ameatamia, Mwalimu hapiti. Anazunguka nyuma ya nyumba. Nilimuuliza kwa nini, akasema fisi anajua amekosa, kuku anaamini ana haki.

Na alichukia michezo. Nasema alichukia! Karata, drafti, bao, vyote aliviita chuo kikuu cha wavivu. Vijana wa kijiwe walikuwa wakimwona anakuja wanakalia ubao wa drafti. Sasa mtu huyohuyo akaja kustaafu, na miaka yake ya kustaafu anaimalizia mbele ya kompyuta akicheza mchezo mmoja tu. Ukitaka kumwelewa, inabidi nikueleze habari ya kitabu.

Alipokuwa chuo cha ualimu alisoma riwaya moja ya Kiingereza, ya mambo ya ajabu ajabu, mazimwi na misitu inayoongea. Kijana anatumwa na wazee wa kijiji chake kuufuata moto ulioibwa na zimwi la mlimani, maana tangu uibwe hakuna jiko linalowaka kwao. Anapita mito, anapita majangwa, anafika kwa bibi mmoja mganga katikati ya msitu, anamwoa binti wa yule bibi. Na hapo kitabu kikakatika. Kurasa zote zilizobaki wanachuo waliotangulia walikuwa wamezichana wakavutia tumbaku.

Mwalimu aliumia na hakupona. Ijumaa kipindi cha mwisho alitusimulia hadithi ile darasani, anaigiza na zimwi, na kila mwaka ikaishia kwenye harusi. Tukimuuliza kama yule kijana alifika nyumbani na moto, anasema hajui. Watoto wengine waliridhika, harusi nayo si mwisho mzuri? Mwalimu hakuridhika. Alisema kijijini kwao wanalala njaa wanamsubiri, na wewe unaniambia habari za harusi. Mbali na mbingu, nadhani hicho ndicho kitu pekee alichokitaka hapa duniani: kujua kama yule kijana alifika.

Basi mpwa wake, mtoto wa dada yake aliyeolewa ng'ambo ya mpaka huko Isebania, akasomea kompyuta. Siku moja akaja likizo na kompyuta kuukuu ya kukunja, akamwambia mjomba wake kile kitabu chako kumbe kiligeuzwa mchezo zamani, enzi kompyuta hazijajua kuchora. Ni maneno matupu. Kompyuta inakuandikia uko wapi na unaona nini, na wewe unaiandikia unataka kufanya nini, neno moja au mawili ya Kiingereza: nenda kaskazini, chukua kamba, fungua mlango. Ikikuelewa, hadithi inasonga mbele. Isipokuelewa inakuambia haijui neno hilo. Mwalimu alipoisoma sentensi ya kwanza na kumkuta yule kijana wake amesimama penye jiko lililozimika, alivua miwani akaifuta, akavaa, akafuta tena.

Alikuwa na sababu ya kufuta. Daktari alikuwa ameshamwambia ana presha ya macho, kwamba dawa itachelewesha tu, giza litakuja. Mwalimu alitueleza habari hiyo kwa utulivu, akamalizia kwamba kijana inabidi afike nyumbani kabla. Anataka kusoma mwisho kwa macho yake mwenyewe. Ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka.

Alicheza barazani, saa za jioni jua likipoa, na hakucheza peke yake, majirani tulimzunguka. Anasoma Kiingereza kwa sauti, anatugeuzia kwa Kiswahili, akiona mzee haelewi anamalizia kwa Kikurya. Yule kijana tukamwita Mura, kama kijana yeyote wa kwetu. Mwalimu alikataa kuandika chochote mpaka wote waliopo wakubaliane, kwa hiyo kuvuka daraja moja kulituchukua jioni nzima, kwa sababu katekista wa kanisani kwetu alishuku mbao zake. Kila Mura alipopata mkate, tulimwamuru awape kwanza wenzake wa safari aliokutana nao njiani, na mara mbili tatu akafa kwa njaa. Tukaanza upya, tukampa tena wenzake. Ningekuambia tulijifunza, lakini ningekudanganya.

Jiografia nayo ikampanda. Alichora ramani ya nchi ya Mura nyuma ya kalenda za ukutani, akazibandika sebuleni, mito, mapori, mipaka yenye rangi nyekundu. Mgeni mmoja akaziona, akatoka bila kunywa chai. Wiki hiyohiyo mtaa mzima ukajua kuna upimaji unakuja, na mama mmoja alinifuata steshenari kuuliza kama Bonde la Vivuli litakula shamba lake la mihogo. Mwenyekiti wa mtaa alilazimika kuitisha mkutano. Mwalimu alisimama akaeleza kwamba nchi ile haipo, na hapo ndipo watu walipoogopa kabisa, maana ndivyo wanavyosema siku zote kabla ya kuja kupima.

Tukafika kwa yule bibi wa msituni. Mura akamwoa binti. Tulishangilia, mke wa Mwalimu akapika kande. Kesho yake hadithi ikaingia kwenye kurasa ambazo Mwalimu hajawahi kuzisoma, na kompyuta ikaandika hivi, namnukuu Mwalimu alivyotugeuzia: moto wa mlimani haubebeki ila kwa chungu kimoja tu, na chungu hicho kiko chini ya kitanda cha mama mkwe wako. Uko nyumbani kwa mama mkwe wako. Yeye amelala. Mlango wa chumba chake uko mashariki, na uko wazi.

Mwalimu akaondoa mikono kwenye kompyuta.

Kama wewe si wa huku, ngoja nikueleze. Kuna kitu tunakiita ensoni, ile aibu ya heshima, na hakuna mahali ina nguvu kama kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamshikani mikono. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anashuka njia. Chumba anacholala? Hilo halisemwi hata kwa mzaha. Na Mwalimu, pamoja na Kiingereza chake chote, kwenye jambo hili alikuwa mtu wa kale kabisa. Siku moja stendi ya Mugumu alimwona mama mkwe wake anashuka kwenye basi, akajitupa nyuma ya fungu la nyanya la watu akachuchumaa pale mpaka yule mama alipopata bodaboda. Mama naye alikuwa amemwona, amejifunika kitenge uso mzima, ndiyo maana alikosea bodaboda akapelekwa hospitali.

Na walipendana! Hilo ndilo lililonichekesha. Bibi wa Kisaka, ndivyo tulivyomwita, alikuwa akimtumia Mwalimu asali na ulezi, Mwalimu akimtumia sukari na blanketi, salamu zote zinapita kwa mke. Bibi wa Kisaka kasema mvua itachelewa, Mwalimu hapandi. Miaka yote ya ndoa, hawakuwahi kuambiana neno moja ana kwa ana.

Kwa hiyo Mura aligoma mlangoni, na sisi wote tulimuunga mkono. Hakuna hata mmoja aliyesema aingie. Katekista alisema huyo aliyetunga mchezo hakulelewa. Tukatafuta njia nyingine. Mwalimu aliandika mke akachukue chungu, kompyuta ikajibu kwamba mke wako anakutazama. Mke wa Mwalimu, aliyekuwa anachambua maharage, akasema hata yeye angemtazama. Tukajaribu kumwita bibi kwa sauti kutoka nje, akaendelea kulala. Ndipo mzee mmoja akakumbusha kwamba heshima hiyo mama mkwe mwenyewe anaweza kuilegeza, akipewa kitu. Mwalimu akaandika mpe mbuzi. Kompyuta ikasema haijui neno mbuzi. Akaandika mpe ng'ombe. Ikasema huna ng'ombe.

Mnaona? Mbuzi haimjui, lakini ng'ombe inamjua! Mwalimu alisimama akaeleza hoja hiyo kama yuko mbele ya darasa: kompyuta haiwezi kujua neno la kitu ambacho hakimo. Kwa hiyo mahali fulani katika nchi ile yupo ng'ombe. Na Mkurya akishajua kuna ng'ombe mahali, unamzuiaje? Tulimtafuta kiangazi chote. Tulirudi mpaka jangwani. Tulimuuliza kila mtu aliyekuwa njiani, tukaokota kengele, tukaokota jembe, tukapigwa na majambazi, ng'ombe hatukumwona.

Mpwa alipopiga simu kutoka ng'ambo kuuliza tumefika wapi, akaambiwa. Akasema, "Anko, si uingie tu? Hiyo ni game." Mwalimu akamjibu kwamba mtu hujulikana tabia yake mahali pasipo na anayemwona, akakata simu. Yule kijana akapiga tena, akasema jibu lote liko mtandaoni, atalituma sasa hivi. Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mwalimu alisimamia mitihani maisha yake yote, alishawahi kumkamata mtoto aliyeandika majibu kwenye nyayo za miguu. Akamwambia mpwa wake asirudie kumtusi. Wakati huo herufi za kwenye skrini alikuwa ameshazikuza mpaka sentensi moja inajaza kioo, na bado anasoma kichwa kimeinama upande, kama kuku anayetafuta punje.

Halafu Bibi wa Kisaka akaugua. Miguu ilikataa, mkono mmoja ukakataa, ikabidi aletwe Turwa awe karibu na hospitali. Mke wa Mwalimu alimlaza chumba cha nyuma, dirisha lake linaangalia baraza. Mwalimu alihama nyumba siku hiyohiyo. Alitandika stoo, kati ya magunia ya mahindi, na akitaka kitu ndani anabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Nilimwambia Mwalimu, unazeeka na panya. Akasema panya nao ni wageni wa Mungu.

Mchezo ukaendelea barazani, na bibi akawa anasikia. Kwanza tulidhani amelala. Baadaye mke wa Mwalimu akaanza kutoka na ujumbe: mama anasema mngepita upande wa mto. Mama anasema yule mwenye kengele ni mwongo. Mwalimu alitii kila neno, na nasema ukweli, bibi alikuwa na akili ya safari kuliko sisi wote. Ila hakuna aliyethubutu kumwambia kwa nini tunazunguka. Ungeanzaje? Tulikuwa tunasema tu tunatafuta ng'ombe.

Siku ninayotaka kuisema, mke wa Mwalimu alikuwa amekwenda Bomani kuchukua dawa. Tulikuwa barazani mimi na Mwalimu tu. Macho yake siku hiyo yalikuwa mabaya, akaniomba nimsomee tulipoishia. Nikasoma bila kufikiri, kwa sauti, yote: nyumba ya mama mkwe, chungu chini ya kitanda, mlango ulio wazi. Mwalimu akaanza kukohoa ili kunizuia. Nilikuwa nimeshamaliza.

"Mwalimu," sauti ikasema dirishani.

Sijawahi kuona mtu mzima anatafuta pa kujificha akiwa amekaa. Hakuwahi kuitwa na sauti ile. Akaniangalia mimi, akaiangalia minyaa, akaijibu minyaa. "Naam, mama."

"Huyo mama amelala humo ndani peke yake?"

"Ndiyo, mama."

"Na nyie mko nje mnatafuta ng'ombe."

"Ndiyo, mama."

Halafu bibi akasema, "Nina kiu."

Nikainuka. Mimi ni mwanamke, kazi ilikuwa yangu. Sijavuka hata kizingiti. "Wewe binti, kaa," akasema. "Nimemwita mkwe wangu." Na kwa sauti ya chini zaidi, tukamsikia: "Heshima yako nimeila miaka yote, Mwalimu. Nimeshiba. Sasa nataka maji."

Mwalimu alichota maji mtungini. Akaenda mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akasimama. Aliyemfukuza fisi! Nilitaka kumsukuma. Halafu akageuka, akaingia kinyumenyume, mgongo mbele, kikombe amekinyoosha nyuma yake kama mtu anayelisha ng'ombe mkali.

"Geuka," nikamsikia bibi akisema, "unanimwagia."

Sikucheka. Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Walikaa humo kwa muda. Aliporudi shati limelowa kifuani. Alikaa, akasogeza pua kwenye kioo, akatafuta herufi kwa kidole kimoja, akaandika mwenyewe: ingia chumbani. Kompyuta ikajibu kwamba mama mkwe wako yuko macho, anakuonyesha chungu. Kumbe alikuwa macho siku zote hizo.

Kuanzia hapo mchezo ulihamia ndani. Nilipokwenda mara ya mwisho, majuzi, nilipiga hodi, nikasema shikamoo, na marahaba zikanijia mbili kutoka chumba cha nyuma. Mwalimu amekaa kwenye kigoda kando ya kitanda, Bibi wa Kisaka ameegemea mito. Walikuwa wanabishana. Mke alikuwa jikoni, akanikonyeza kwamba ndivyo wanavyoshinda, na kwamba yeye sasa amekosa kazi ya kubeba salamu.

Nikakaa kwenye kompyuta, maana sasa mimi ndiye mkono. Tulipigana na zimwi mchana ule, tukaupata moto, tukautia kwenye chungu, tukateremka mlima. Kompyuta ikaandika kwamba kilima kilicho mbele yako ni cha kwenu, na njia inaelekea kusini. Neno moja limebaki. Nikageuka kuuliza niandike. Bibi alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma.

"Ngoja aamke," Mwalimu akasema.

Nikamwambia, Mwalimu, umesubiri tangu chuo, macho yenyewe hayo, na mimi nimeacha duka. Akaniuliza ni lini alinifundisha kumsomea mtu mwisho wa hadithi akiwa amelala. Tukangoja. Nilikasirika, sifichi, nikanywa chai yao yote.

Bibi alipoamka aliuliza kitu kimoja: amefika? Mwalimu akasema tulikuwa tunakungoja wewe. Nikaandika kusini. Nikainuka kumpisha, na Mwalimu akaja akaweka pua kwenye kioo, akasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa sauti: moto unawaka tena kwenye kila jiko. Umefika nyumbani. Hadithi imekwisha. Unataka kuanza upya?

Alilia, mzee wa watu, bila kujificha. Amefika, akasema. Mama, amefika. Nikafurahi mpaka nikaumwa kifua.

Bibi alikuwa anaangalia dari. "Na yule mama?" akauliza. "Binti yake amechukuliwa. Chungu amekitoa. Amebaki na nani kule porini?"

Mwalimu akajibu kwamba kitabu hakisemi. Bibi akasema sawa, akageukia ukutani. Na Mwalimu akabaki pale, ameshika miwani mkononi, anaitazama kompyuta ambayo kwa umbali ule nadhani aliona mwanga tu.

"Binti," akaniita, "bado inauliza kama tunaanza upya?"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini macho?"

"Utasoma wewe. Andika ndiyo," akasema. "Safari hii mama hatumwachi."